Kabla ya Kuunda Mamlaka Nyingine

 

Leo nina jambo kuhusu serikali kukua. Sizungumzii chama wala sipigi kampeni; hizo zina wenyewe. Nazungumzia tabia ambayo nyanda hizi za kati za Tanzania zimeionja kwa miaka karibu themanini, chini ya bendera mbili. Mkubwa mwenye nia njema anaiona shida ya watu. Inamuuma kweli. Anaunda chombo cha kuimaliza, anakipa jina, gari na muhuri. Na kabla hakijachimba hata kisima kimoja, chombo hicho kinamsogeza pembeni yule aliyekuwa akihangaika na shida hiyo siku zote: mzee wa ukoo, diwani, mwenyekiti wa ushirika, mwenye duka. Baada ya miaka chombo kinashindwa na kuvunjwa. Aliyesogezwa, mara nyingi, hayupo tena wa kurudi.

Wapo watakaosema haya ni maneno ya mhafidhina. Ni kweli, na niendelee.

Tuanzie Kongwa. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini haina mafuta ya kula. Watu walipimiwa siagi kwa kadi. Serikali ya chama cha Leba ilikuwa imeingia madarakani mwaka mmoja nyuma, ikiamini kwa dhati kwamba mpango mkubwa wa serikali utafanya kwa haraka na kwa haki kile ambacho wafanyabiashara hukifanya kwa kubahatisha. Ukatumwa ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa kilimo hapa Tanganyika. Ulizunguka wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi London na hesabu: ekari zaidi ya milioni 3 za karanga, nyingi zikiwa Tanganyika, na pa kuanzia ni Kongwa. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliutetea mradi huo kama mtu anayetetea dini yake.

Tusiwaonee. Haukuwa mradi wa kunyonya tu. Ndani yake mlikuwa na hospitali, shule, mafunzo ya ufundi, na maneno mengi ya kumwinua Mwafrika. Waliouandika walikuwa watu wa maendeleo, tena wasomi.

Mgogo wa pale Kongwa alijua kwamba mvua ya Ugogo haiwekeani ahadi na mtu. Alijua pia kwamba ardhi ile ikipigwa na jua la kiangazi inakaza, jembe linagota, na karanga huchimbwa wakati huo huo wa kiangazi. Hayo hayakuwa siri. Angeyasema kwa bei ya ugoro. Hakuna aliyemuuliza kwa maana ya kumsikiliza. Yakaja matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, yakaanza kupambana na mibuyu iliyojaa nyuki. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa kusafisha ekari 150,000. Haikufikiwa hata sehemu ya kumi. Januari 1951 serikali ya London ikaufuta mradi, pauni zaidi ya milioni 36 zikaandikwa hasara.

Pauni hizo walizilipa Waingereza, sina la kuwalilia. Ninachokitazama mimi ni upande wetu. Kwa miaka ile vijana waliacha mashamba ya uwele na mtama wakafuata mshahara, bei ya chakula ikapanda kwa waliobaki, halafu ghafla mwajiri akafunga virago. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja na kuondoka, mwenyeji akabaki na mapori yaliyokwanguliwa.

Bendera ikabadilika. Hapa lazima niseme kwa adabu, maana nazungumzia Mwalimu Nyerere, na nazungumza nikiwa Dodoma.

Mwaka 1963 sheria iliwaondoa machifu. Kwa watu wa Mvumi na majirani zao, waliokuwa na Mtemi Mazengo, hilo halikuwa jambo dogo, ingawa sitasema kwamba kila chifu alistahili kubaki. Wengine walikuwa wakusanya kodi wa mkoloni na watu walikuwa wamewachoka. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Mwaka 1970 mkoa wetu ukachaguliwa kuwa wa kuonyesha njia, ikaanza Operesheni Dodoma. Mwalimu hakukaa Dar es Salaam akaandika waraka. Alipiga kambi Chamwino, akafyatua matofali kwa mikono yake pamoja na wanakijiji. Nitajieni kiongozi mwingine wa nchi aliyefanya hivyo.

Na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Ugogo ulikuwa na historia ya njaa. Watu wamekaa mmoja huku, mwingine kule, tembe hadi tembe ni mwendo. Utawafikishiaje maji, zahanati, shule? Wakusanye pamoja, uwahudumie. Ukiisoma kwenye karatasi, hoja hiyo haina tundu.

Lakini kwa nini walikaa hivyo? Mvua hapa hunyesha kwa upendeleo: kilima hiki kimepata, kile ng'ambo ya korongo kimekosa. Kwa hiyo Mgogo alijenga tembe karibu na shamba lake, shamba likichoka akahama. Ng'ombe wake hakuwaweka boma moja. Huyu kwa shemeji, yule kwa rafiki wa kijiji cha mbali, wengine kwa mjomba, ili ukame au ugonjwa ukipiga sehemu moja usimmalize. Aliyetunziwa ng'ombe alikunywa maziwa yao, na mwaka wa shida alikuwa na deni la kukulisha wewe. Mwanaanthropolojia Peter Rigby aliyachambua mambo ya ng'ombe na udugu wa Wagogo katika kitabu alichokitoa mwaka 1969. Na hata kabla yake, mwana wa hapa hapa Dodoma, Mathias Mnyampala, alikuwa ameshaandika kwa Kiswahili, mwaka 1954, historia, mila na desturi za Wagogo. Asiyejua hakukosa pa kusoma.

Ile ilikuwa bima isiyo na ofisi. Haikuwa kamili. Mtu ataniambia: mbona njaa ziliwaua? Ziliwaua, na ile kubwa kuliko zote, Mtunya, ya 1917 hadi 1920, iliwaua maelfu kwa maelfu. Lakini tazama Mtunya ilivyoingia. Kwanza ilipita vita ya Wajerumani na Waingereza. Serikali moja ikachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ya pili ikaja ikachukua vilivyobaki. Ukame ulipofika, shemeji hakuwa na kitu, rafiki wa mbali hakuwa na kitu, mjomba alikuwa amekufa safarini na furushi la askari kichwani. Bima ilikuwa imeshachukuliwa na wenye sare.

Novemba 1973 kuishi kijijini kukawa amri. Ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe kijijini. Hapo hiari ilikwisha. Malori yalisomba watu, na kuna mahali nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili mtu asirudi alikotoka. Ng'ombe na watu wakarundikana mahali pamoja. Kuni zikawa za mbali, ardhi ya kando ya kijiji ikachoka haraka.

Historia hiyo wengi mnaijua, wengine mliyapanda malori hayo mkiwa watoto. Kinachotajwa kwa nadra ni kilichokuwa kikifanyika ofisini miaka hiyo hiyo. Mwaka 1972 ulikuja mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, uliosukwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani, McKinsey, jambo ambalo hunichekesha kila nikilikumbuka: wajamaa wa Tanzania wakienda kwa mabepari kuulizia namna ya kupeleka madaraka kwa wakulima. Chini ya mpango huo, halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na watu zilifutwa. Madaraka yalifika mikoani kweli, yamevaa suti, yakitokea wizarani. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa, vikiwemo vilivyojengwa na wakulima wenyewe tangu zama za mkoloni, kama Nyanza kule Mwanza na kile cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro. Mazao yakapewa mamlaka za mazao. Nafaka yetu ikawa ya Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Mwaka huo huo ikaja Operesheni Maduka, kufunga maduka ya watu binafsi vijijini ili biashara ishikwe na kijiji. Hiyo ilisitishwa upesi, lakini milango mingi ilikuwa imeshafungwa.

Sasa fikiria wewe ni mkulima, una magunia ya mtama, lori la NMC halijaja. Au limekuja, likachukua mzigo, fedha haijaja. Unamwendea nani? Zamani ungemsubiri mwenyekiti wa ushirika kwenye mkutano mkuu ukampasulia mbele za watu. Hayupo. Ungemwendea diwani uliyempigia kura. Hayupo. Ungeuza madebe mawili kwa mwenye duka upate chumvi na dawa. Kafungiwa, au kahamia mjini. Mbele yako amebaki ofisa mmoja aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, na bosi wake yuko juu, si chini. Ilipofika 1983 nchi haina sabuni, serikali ile ile ikapitisha sheria ya kupambana na wahujumu uchumi, ikawasaka walanguzi. Walanguzi wakubwa walikuwepo, sikatai. Lakini ndani ya wavu ule waliingia pia watu ambao kosa lao lilikuwa kununua na kuuza.

Wanaomtetea Mwalimu hunijia juu nikisema haya. Basi wamsikilize mwenyewe. Katika mahojiano na jarida la Third World Quarterly mwaka 1984 aliulizwa angefanya nini tofauti kama angeanza upya. Alitaja mambo mawili: asingefuta serikali za mitaa na asingevunja ushirika. Akasema walikosa subira na walikuwa hawajui. Ni wachache sana, kushoto au kulia, waliowahi kujihukumu hivyo wakiwa bado wamekaa kwenye kiti. Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria namba 7 na namba 8 za mwaka 1982, zikaanza kazi 1984. Ushirika nao ulipata sheria mpya mwaka 1982. Ila huwezi kurudisha kwa sheria imani ya mtu aliyeona mali ya chama chake ikichukuliwa asubuhi moja. Vijana wa leo wanaoucheka ushirika kwamba ni wa wezi, hawakuuona ule uliokuwa wa wenyewe.

Kuna msikilizaji wa Kondoa ambaye hapa ananisubiri, na ana haki. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Milima ya Kondoa Irangi ilikuwa imeliwa na makorongo, udongo mwekundu unatiririka kila masika. Mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote iondoke katika eneo la kilomita za mraba zaidi ya elfu moja. Wanyama wapatao 90,000 wakatolewa. Ilikuwa amri kali, haikuulizwa mtu, na, nawaambieni ukweli, milima ile iliota majani. Nenda Haubi ukaone. Makorongo mengi yalitulia, miti ikarudi.

Hapo mhafidhina afanye nini? Akubali. Kuna madhara ambayo jirani hawezi kumzuia jirani yake, na mkono mzito unahitajika. Lakini nitazame na upande wa pili wa hesabu: samadi ilikwisha mashambani, maziwa yakatoweka kwenye kikombe cha mtoto, na ng'ombe hawakuyeyuka, walihamia kwa majirani wakala majani ya huko. Mifugo iliporuhusiwa tena miaka kumi hivi baadaye, iliruhusiwa ya kufungiwa bandani na kukatiwa majani, na safari hiyo mabwana mifugo walikaa na kaya moja moja. Mafanikio ya Kondoa nayahesabu. Siyahesabu kama ruhusa ya kufanya vivyo hivyo kwenye kila kitu.

Sasa tuje Dodoma mjini. Oktoba 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu yahamie Dodoma ndani ya miaka kumi, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mnaijua, wapo wanaolitaja jina hilo wakiwa wameshika mbavu. Miaka kumi ikapita, ishirini, arobaini. Serikali haikuhama, CDA haikuondoka. Ardhi ya mji ilikuwa mikononi mwake, mwananchi anapewa hati ya miaka 33. Pembeni yake kulikuwa na Manispaa yenye madiwani. Diwani anachaguliwa na watu, anaomba kura kwa jasho, anaapa. Siku mpigakura wake anapogombania kiwanja au fidia ya shamba la babu yake, diwani hana kauli. Ardhi iko kwa wale wasiopigiwa kura. Migogoro ya bomoabomoa ilikuwa haikauki.

Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja CDA pale Chamwino, kazi zake zikaenda Manispaa, hati zikaelekezwa kuwa za miaka 99. Jiji la Dodoma baada ya hapo likawa miongoni mwa halmashauri zinazoongoza nchini kwa mapato ya ndani, na viwanja vilichangia sehemu kubwa. Sisemi migogoro imekwisha. Wapo wenye kiwanja kimoja na barua mbili. Lakini leo unajua kikao cha kwenda kupigia kelele, na kila baada ya miaka mitano unaweza kumnyima mtu kura kwa sababu ya kiwanja hicho. Kwangu mimi hilo ni bora kuliko mpango mji mzuri unaosimamiwa na mtu nisiyeweza kumfukuza.

Serikali inayokua hulishwa. Bajeti ya mwaka 2025/26 iliyosomwa hapa hapa Dodoma ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Chakula cha serikali hutoka kwenye kodi au kwenye mkopo, na vyote viwili tumeviona vikifika mpakani. Julai 2021 ilikuja tozo ya miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja mkubwa, juu ya ada za kampuni. Lengo lilikuwa zuri, na vituo vya afya vilijengwa kwa fedha ile. Lakini simu ilikuwa kitu cha kwanza kilichomfikia bibi wa Chemba bila foleni wala barua ya mtendaji, na tukaiwekea geti. Watu walinung'unika, wengine wakarudi kutumana fedha taslimu, na Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikaendelea kupunguzwa. Desemba mwaka huo mbunge wa Kongwa, Spika Job Ndugai, akizungumza kwenye mkutano wa Wagogo hapa Dodoma, alionya kwamba kwa kukopa huku iko siku nchi itapigwa mnada. Aliomba radhi, na Januari 6, 2022 akajiuzulu uspika. Ndugai, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akiitetea tozo, mimi naipinga. Lakini swali la nani atalipa lilikuwa swali halali, na lilizikwa pamoja na kiti chake.

Nimeitaja Kongwa tena, basi tupite Kibaigwa, wilaya hiyo hiyo ya karanga za Strachey. Wengi mmepita na basi la Morogoro. Soko lile la mahindi halikuanza kwa ujumbe wa ndege. Lilianza na watu na magunia kando ya barabara kuu, kwa sababu lori lazima lipite pale. Halmashauri ilikuja baadaye ikaleta jengo, mizani na ushuru. Hapo serikali ilifuata palipo na watu, nami naipigia makofi. Hospitali ya Mvumi nayo ni hivyo hivyo: ilijengwa na wamisionari wa Kianglikana, bado ni ya dayosisi, na serikali imeshirikiana nayo kuhudumia wilaya bila kuimeza.

Lakini Juni 2017 Waziri Mkuu alitangaza marufuku ya kupeleka mahindi nje ya nchi, kwa ajili ya usalama wa chakula. Msimu uliofuata mavuno yalikuwa mengi na bei shambani ikaporomoka. Aliyekula hasara ni yule aliyelima zaidi kwa kutumaini soko la Kenya. Kwa ajili ya miaka ya njaa kuna maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula pale Kizota, na hiyo ni kazi ya serikali hasa: nunua, weka, toa wakati wa dhiki. Kumfungia Mgogo barabara si kazi ya ghala.

Najua Bunge litaletewa tena muswada wa kuunda bodi, wakala au mamlaka fulani, na wabunge watapiga meza. Ombi langu kwa wabunge wa mikoa ya kati ni dogo: waziri akimaliza kusoma, mmoja wenu asimame aulize kazi hiyo kwa sasa inafanywa na nani huko vijijini, na muswada unasema atapelekwa wapi. Jibu liingie kwenye kumbukumbu za Bunge, kwa jina la waziri na tarehe.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumzia maji, na ahadi za Bwawa la Farkwa. Kwa leo naishia hapo.